Redio ya memori ya mzee inasahau ilipoishia kila siku. Asiyeona anunue kifaa gani hapa Dar?

#1 Mkwe wa Segerea
Wakuu, kwema. Baba mkwe wangu ana miaka 71. Presha ya macho imemaliza jicho la kushoto, la kulia limebaki na mwanga wa kutambua dirisha lilipo, basi. Anakaa kwetu Tabata Segerea. Huyu ni mzee aliyekuwa anamaliza gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, sasa hivi dunia yake ni masikio.

Nilimnunulia redio ndogo ya memori Kariakoo, elfu 28. Nikamwekea riwaya zilizosomwa, mawaidha na taarabu za zamani. Siku ya kwanza furaha tupu. Siku ya pili asubuhi kaiwasha, riwaya imeanza upya: "Sura ya kwanza." Akabonyeza na kubonyeza mpaka alipoishia, karibu nusu saa. Siku ya tatu vilevile. Jana kaniambia, "Mwanangu, hii sura ya kwanza sasa naijua kuliko aliyeiandika."

Maswali mawili. Kwa nini inasahau? Na kuna kifaa gani kinachokumbuka, chenye batani za kushikika, bajeti isizidi laki moja?

#2 Kobe Mwendapole
Nunua simu janja, washa TalkBack, ile inayosoma skrini kwa sauti, maisha yaendelee. Uzi ufungwe.

#3 Chumvi Nyingi
Ufungwe na wewe kama nani, mwenye nyumba?

#4 Fundi wa Aggrey
Mleta uzi, hiyo redio inazimwa kwa swichi ya kusukuma pembeni au kwa batani ya kubonyeza na kushikilia?

Kama ni ya kusukuma, umepata jibu. Swichi ile inakata betri papo hapo, chipu inakufa kabla haijaandika popote ilipofikia. Zile za kushikilia zinapewa sekunde mbili tatu za kuaga, zinaandika namba ya faili na dakika, ndipo zinalala. Mezani kwangu nafungua hizi kila siku. Ndani ni bodi ndogo kama biskuti, chipu moja, na betri ya BL-5C, ile ile ya simu za Nokia za zamani. Hakuna maajabu humo.

#5 Mkwe wa Segerea
Ni ya kusukuma, fundi. Ila juzi nilimwambia asizime kabisa, aweke pozi tu alale. Asubuhi imeanza upya.

#6 Fundi wa Aggrey
Betri iliisha usiku. Ikiisha ni sawasawa na kusukuma swichi.

#7 Mama Wawili
Mimi nasema memori kadi. Yangu iliandikwa GB 64, kumbe ndani ni GB 8 zilizovishwa koti. Mwanzoni inakubali kila unachoweka, ukipita kiasi chake inaandika juu ya vya zamani. Nyimbo zinakatika, folda zinapotea, na redio ikikuta uchafu inarudi faili la kwanza. Kuna programu ya kompyuta inaitwa H2testw, inajaza kadi yote halafu inasoma tena, uongo unajulikana palepale. Hiyo ya mzee ulinunua duka lile lile la redio?

#8 Mkwe wa Segerea
Alinipa kama zawadi.

#9 Chumvi Nyingi
Zawadi ya Kariakoo 😂😂

#10 Mpapasaji
Uzi huu nimeusikiliza wote, sasa zamu yangu. Mimi sioni tangu nina miaka 9, nipo Gongo la Mboto, nafanya kazi mjini. Kwa hiyo mtanivumilia nikiwa mrefu.

Kobe #2, simu ninayo na TalkBack ndiyo inayonisomea hapa. Lakini mimi niliianza nikiwa kijana. Mzee wa miaka 71 aliyepoteza macho majuzi unampa kioo kitupu, laini kama sahani, unamwambia ateleze kidole kulia, agonge mara mbili, ateleze viwili kushusha. Akikosea kidogo simu inaanza kumpigia mtu. Wapo wazee wanaoweza, nawajua. Wengi huishia kuiweka kabatini na kusema macho yao yameisha na akili nayo. Akili haijaisha, amepewa kifaa kisicho chake.

Kuhusu redio hizi za memori: watu wote wanauliza sauti na betri. Mimi huuliza batani moja inafanya kazi ngapi. Nyingi ya hizi, batani ya kwenda mbele ukiigusa inaruka faili, ukiishikilia inaongeza sauti. Sasa mzee anataka kupunguza sauti mjukuu kalala, kidole kikaachia mapema, sura nzima imeruka nyuma. Yeye haoni kilichotokea. Anajua tu kwamba hadithi imevurugika. Huenda hata hiyo "kusahau" ya kwako inaanzia hapo, mleta uzi. Kaa naye kimya umtazame akiitumia, usimsaidie.

Dukani fanya hivi. Fumba macho KABLA hujakiangalia. Muuzaji akuwekee mkononi. Tafuta kuwasha, sauti, na faili linalofuata. Ukishindwa ndani ya dakika mbili, na mzee atashindwa. Sauti iwe na gurudumu lake la kuzungusha, kama redio za mkulima za zamani, maana gurudumu linakuambia lilipo hata kabla hujawasha. Na ile batani ya M inayobadilisha kutoka memori kwenda FM kwenda Bluetooth, itie tone la rangi ya kucha, liache likauke mpaka liwe kinundu. Mimi zangu zote zina vinundu. Mke wangu analalamika rangi zake zinaisha na hazijawahi kufika kwenye kucha.

#11 Chumvi Nyingi
Mpapasaji nakukubali, ila swali la kizembe: unasemaje "dukani fumba macho" wakati wewe...

#12 Mpapasaji
Nawaelekeza nyinyi mnaoteseka na macho. Mimi nikifika dukani kazi imeshaanza.

#13 Mwalimu Mstaafu
Nimefundisha wanafunzi wasioona miaka mingi, niongeze kidogo.

Vipo vifaa vilivyotengenezwa mahususi. Kinachojulikana zaidi ni Victor Reader Stream cha HumanWare ya Kanada. Cha kwanza kilitoka 2007, cha pili 2013. Kina vitufe vya namba kama simu ya zamani, na cha 5 kina alama ya kushika. Kila unachobonyeza kinasema. Wajapani nao wana Plextalk. Hivi vinasoma vitabu vya mfumo wa DAISY, ambao una jumuiya yake ya kimataifa tangu 1996. Tofauti ya DAISY na MP3 ya kawaida ni kwamba kitabu kina mifupa: unaruka sura kwa sura, ukurasa kwa ukurasa, hata sentensi kwa sentensi, na unaweka alama pale unapotaka kurudi. Kila kitabu kinakumbuka mahali pake, hata ukisoma vitano kwa zamu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliletewa na wafadhili. Nilimwona akitafuta ukurasa wa 112 wa kitabu cha historia kabla wenzake wanaoona hawajafungua vyao.

#14 Kobe Mwendapole
Bei?

#15 Mwalimu Mstaafu
Kipya kinazidi dola 500.

#16 Kobe Mwendapole
Zaidi ya milioni! Kwa hela hiyo namsomea mwenyewe.

#17 Mama Wawili
Msomee basi. Riwaya moja saa 14. Tutakuletea maji.

#18 Nipo Ughaibuni
Mnahangaika. Tafuteni iPod shuffle ya mtumba, kile kichezeo cha muziki cha Apple. Ile yenye batani za duara mbele ndiyo ya kwanza kuongea, inataja jina la wimbo. Ndogo, inabanwa kwenye shati.

#19 Mpapasaji
Rekebisho dogo #18. Ya kwanza kuongea ni kizazi cha tatu, 2009, na hiyo haikuwa na batani hata moja mwilini, zote zilikuwa kwenye waya wa hedifoni. Waya ukikatika umebaki na kipande cha chuma. Batani za duara zilirudi 2010, zikaja na batani ndogo ya kuifanya iongee. Apple waliacha kuitengeneza 2017. Ya mtumba leo betri yake imeshachoka, kuibadilisha ni mateso. Halafu kuingiza faili lazima kompyuta yenye programu ya Apple, kama iTunes. Na Kiswahili haijui, majina yetu inayatafuna.

#20 Nipo Ughaibuni
Nimepokea. Yangu ilikuwa ya 2010 basi, nikaona ndiyo mwanzo wa dunia.

#21 Mwanachuo Mlimani
Hakuna aliyetaja Rockbox? Ni programu ya bure unayoweka kwenye vichezeo fulani vya MP3 badala ya ile ya kiwandani. Ilianza 2001. SanDisk Sansa Clip+ ukiiwekea Rockbox inasoma menyu yote kwa sauti, inataja folda, na ukisimamisha kitabu inaweka alama yenyewe. Kuna mtu bwenini asiyeona anayo. Sauti yake aliitengeneza kwa eSpeak, programu ya kugeuza maandishi kuwa sauti, ambayo ina Kiswahili. Inaongea kama roboti wa Kipemba mwenye mafua, lakini inaeleweka.

#22 Fundi wa Aggrey
Kweli, ila wasikimbilie kununua Clip yoyote. Clip, Clip+ na Clip Zip ndizo zinazokubali. Clip Sport inafanana jina tu, Rockbox haiingii. Na zile zinazokubali haziuzwi mpya tena. Nimewahi kuletewa Clip Sport tatu na kijana mmoja aliyeagiza mtandaoni akidhani kapata. Alikaa kwenye kigoda changu kama amefiwa.

#23 Mpemba Asilia
#21 roboti wa Kipemba ndiyo nini? Chunga mdomo.

#24 Mwanachuo Mlimani
Samahani mkuu. Wa Kimanga.

#25 Mkwe wa Segerea
Nimefuata ushauri wa #10, nimekaa kimya namtazama mzee. Kweli, mara mbili alitaka kupunguza sauti akarudisha sura. Lakini kuna jipya: baada ya sura ya kwanza ikaja ya kumi, halafu ya kumi na moja, ndipo ya pili. Mzee anasema alidhani ndivyo mwandishi alivyotunga, eti "hawa vijana siku hizi wanaanza mwisho." Hili nalo ni swichi?

#26 Mama Wawili
Majina. Umeandika 1, 2, 3 mpaka 20. Mashine inasoma herufi, si hesabu. Baada ya 1 inaona 10, 11, 12, ndipo 2. Andika 01, 02, 03.

#27 Fundi wa Aggrey
Hapana mama, si kwa redio hizi. Hizi za bei rahisi hazisomi majina kabisa. Zinafuata mpangilio ambao faili ziliingia kwenye kadi. Ukinakili folda nzima kwa mkupuo, kompyuta au simu inaweza kuzitupa humo kwa mpangilio wake. Dawa: futa zote, nakili moja moja, ya kwanza ikiisha ndipo ya pili.

#28 Mama Wawili
Yangu nilibadilisha majina ikatulia. Tueleze.

#29 Fundi wa Aggrey
Ulibadilisha majina ukiwa kwenye kompyuta halafu ukanakili upya, siyo? Basi umethibitisha langu.

#30 Mama Wawili
Au umethibitisha langu.

#31 Mpapasaji
Wote mna haki kwa redio tofauti. Ninayo inayofuata majina, na nyingine inayofuata kuingia. Zote zimeandikwa jina moja kwenye boksi, kwa mujibu wa mke wangu.

Fanyeni yote mawili: 01, 02, na moja moja. Kadi isizidi GB 32, maana kubwa zaidi huja na mfumo wa kupanga faili wa exFAT na redio nyingi zinajua FAT32 tu, zitakaa kimya kama hazina kadi. GB 32 inatosha sana. Usomaji wa sauti ya mtu, kilobiti 64 kwa sekunde, unakula kama MB 29 kwa saa. Fanyeni hesabu, ni zaidi ya saa 1,000.

Na mleta uzi, ukiongeza faili jipya katikati, redio inayokumbuka kwa namba inachanganyikiwa, maana faili la 7 la jana leo ni la 8. Ulikuwa unaongeza vitu?

#32 Mkwe wa Segerea
Kila jioni 🙈 Mawaidha mapya.

#33 Chumvi Nyingi
Sababu ya nne hiyo. Swichi, kadi, kidole, na mkwe.

#34 Wakili Msomi wa Mtaani
Nje ya mada kidogo, hizo riwaya zilizosomwa mnazitoa wapi? Haki za mwandishi je? Ingawa najua tulisaini Mkataba wa Marrakesh 2013 unaoruhusu.

#35 Mwalimu Mstaafu
Mkataba ulipitishwa Marrakesh Juni 2013, ukaanza kutumika Septemba 2016. Tanzania tulijiunga 2020. Na hauruhusu kila mtu kunakili anavyotaka. Unawahusu wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, pamoja na taasisi zinazowahudumia, kutengeneza nakala za nukta nundu, sauti au DAISY na kubadilishana na nchi nyingine wanachama. Kumrekodia mzee wako kitabu alicho nacho ni jambo moja, kuuza flashi mtaani ni jingine.

#36 Wakili Msomi wa Mtaani
Nimekosolewa na mwalimu nikiwa mtu mzima. Shikamoo.

#37 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Kaa chini.

#38 Nipo Ughaibuni
Kuhusu hicho cha milioni: sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ina msamaha wa ushuru kwa vifaa vilivyobuniwa mahususi kwa wenye ulemavu. Mtu akiletewa ajipange na karatasi mapema. MP3 ya kawaida hata ikitumiwa na asiyeona haiingii humo.

#39 Dogo wa Mbagala
Mimi nauliza tu, sahihi ni kipofu, asiyeona au mlemavu wa macho? Niliwahi kufokewa.

#40 Mpapasaji
Ukiniita kwa chai naitika lolote. Asiyeona ni salama. Kipofu tunaitana wenyewe kwa wenyewe.

Na jambo moja kabla sijasahau, kama redio ya mzee. Mleta uzi, hedifoni avae sikio moja tu akitoka nje. Mimi nikiwa kwenye daladala kutoka Gongo la Mboto, sikio la kulia ni riwaya, la kushoto ni la konda. Siku moja nilivaa yote mawili, sura tamu, mtu anakaribia kufumaniwa. Nikashtuka nimepitiliza vituo vitatu, na konda anasema aliita mpaka akachoka. Barabarani ni mbaya zaidi, bodaboda huioni, unaisikia tu. Ukiziba masikio mawili umeziba macho yangu.

#41 Dogo wa Mbagala
Alifumaniwa?

#42 Mpapasaji
Sikujua. Ile redio ilianza upya.

#43 Mkwe wa Segerea
Mrejesho, wakuu. Leo nimeenda Kariakoo na mzee mwenyewe. Nilitaka kumwacha nyumbani, akasema "suruali huwa mnanipima, redio mnaninunulia gizani?"

Maduka matano. Duka la tatu muuzaji anamwonyesha taa za rangi, zinawaka kijani na zambarau. Mzee akamwambia, "Zizime, unanimalizia chaji." Duka la tano tukapata kubwa kidogo, ya shamba hasa, gurudumu la sauti juu kulia, kuwasha ni batani ya kushikilia, mbele na nyuma zimetengana kwa upana wa kidole. Ina batani za namba, anaandika 12 inaenda faili la 12. Hiyo ndiyo iliyomteka. Elfu 45, baada ya mzee kubishana mwenyewe kutoka 60. Nikanunua na kadi duka jingine, GB 16.

Usiku nimenakili moja moja, 01 mpaka 20, nikaapa sitaongeza kitu. Mama mkwe katia rangi ya kucha kwenye M na kwenye 5.

#44 Fundi wa Aggrey
Betri yake ikoje? Inatoka?

#45 Mkwe wa Segerea
Inatoka, ni hiyo hiyo BL-5C. Nimechukua ya akiba.

#46 Mkwe wa Segerea
Asubuhi: kaishikilia batani, ikawaka, ikaendelea katikati ya sentensi. Mzee kanyamaza kidogo, akasema "ehee," akatoka nayo barazani.

#47 Fundi wa Aggrey
Swichi. Nilisema.

#48 Mama Wawili
Kadi mpya hiyo. Nilisema.

#49 Mpapasaji
Gurudumu la sauti.

#50 Mkwe wa Segerea
Tatizo dogo limebaki. Ile redio ya kwanza kaichukua mjukuu, yeye inamkumbukia kila kitu. Haijawahi kuanza upya tangu jana.

#51 Chumvi Nyingi
😂😂😂 Fundi njoo huku.

#52 Kobe Mwendapole
Hiyo ya elfu 45 ni duka gani, mtaa upi? Naulizia kwa ajili ya bibi.

#53 Chumvi Nyingi
Si ulisema uzi ufungwe?